Maswali ya Wasomaji: Data za Ofisi Zikae Wapi?

Safu ya mwezi huu nimeiachia jambo moja tu, kwa kuwa barua nyingi zilizonifikia zinalizunguka hilo hilo: namna ya kupanga hifadhi ya data katika biashara yenye mtandao wake wa kompyuta. Barua nimezifupisha, na majina ya waandishi na ya biashara zao nimeyaondoa.

SWALI: Ndugu mtaalamu, salamu kutoka Mwanza. Tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla na rejareja. Tuna kompyuta 26 na seva moja yenye diski ndani yake. Kila mwisho wa mwezi programu ya uhasibu inakuwa nzito hadi wateja wanapanga foleni kaunta. Muuzaji mmoja ametuletea bei ya SAN "kama ya benki", na mwingine anasema NAS inatosha. Bei zao zimepishana mno, na sisi hatujui tofauti ya vitu hivi. Tununue kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kulinganisha bei ni vizuri kufahamu kwamba majina hayo mawili hayaelezi ukubwa wa chombo wala ubora wake. Yanaeleza diski zimekaa wapi, na ni nani katika mtandao anayejua kila faili limewekwa mahali gani. Mpangilio mlio nao sasa, ambao diski zimo ndani ya seva au zimeungwa nayo kwa kebo yake pekee, ndio unaoitwa DAS, na kuwa wa zamani si kosa.

Chukulia stoo yenu ya saruji na nondo. Katika DAS, stoo iko nyuma ya kaunta na mwenye duka huingia mwenyewe kuchukua anachotaka. Wengine wote hupitia kwake. Katika NAS, yaani chombo cha diski kilichoungwa kwenye mtandao wa ofisi, stoo imehamishiwa upande wa pili wa uwanja na ina mtunza stoo wake: karani yeyote humwendea, humtajia kitu kwa jina, na yeye ndiye anayejua kiko kwenye rafu ipi na nani ameshakiazima. Katika SAN, yaani mtandao maalumu unaoziunga seva na diski za pamoja, hakuna mtunza stoo. Kila seva hupewa kiwanja kitupu kilichopimwa na kugawanywa katika vipande vyenye namba, vinavyoitwa bloku, kisha seva yenyewe hujenga rafu na kutunza daftari lake, huku ikiamini kabisa kwamba kiwanja hicho ni diski iliyomo tumboni mwake.

Suala hilo la nani anashika daftari ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mkiweka seva mbili juu ya kiwanja kimoja cha SAN bila mfumo wa faili uliotengenezwa mahususi kwa ajili ya kushirikiana, kila moja itaandika kwa kufuata daftari lake, na moja itakuwa inajenga ukuta mahali ambapo mwenzake ameshachimba kisima. Data zitaharibika, tena kimyakimya. NAS haina hatari hiyo kwa sababu daftari ni moja nalo liko kwa mtunza stoo, ndiyo maana watu 26 wanaweza kutumia folda moja bila kukanyagana. SAN, kwa upande wake, inaipa seva uhuru wa kufanya juu ya bloku hizo chochote ambacho ingefanya juu ya diski yake yenyewe, na uhuru huo ndio unaotakiwa na kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu za programu) kubwa na mashine pepe, yaani seva kadhaa zinazoendeshwa ndani ya seva moja halisi.

Hakuna kati ya njia hizi iliyo ngeni. Kampuni ya Sun Microsystems ilibuni itifaki (kanuni za mawasiliano) ya NFS, ambayo NAS nyingi bado zinaitumia, mwaka 1984. Fibre Channel, njia ya SAN inayohitaji swichi na kadi zake maalumu, ilipata kiwango rasmi mwaka 1994, na iSCSI, inayopitisha bloku hizo hizo juu ya kebo za kawaida za mtandao, ilichapishwa kuwa kiwango mwaka 2004. Nayataja haya ili asije mtu akawauzieni moja kati yake kwa hoja kwamba ndiyo ya kisasa.

Sasa nije kwenye foleni ya kaunta. Karani anapobonyeza kitufe cha kuchapa ankara yenye bidhaa 15, programu haisomi faili moja refu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inachokoa vipande vidogo vidogo: salio la mteja, bei ya kila bidhaa, idadi iliyobaki, kodi, namba ya ankara iliyotangulia, na vipande hivyo vimetawanyika kila pembe ya diski. Diski ya kawaida ya kuzunguka hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na kidogo. Kwa wastani kipande kinachotafutwa kiko nusu mzunguko mbele, na kabla ya kukifikia mkono wa kusomea umeshatumia milisekunde nyingine 8 au 9 kuhama. Ukijumlisha, kila ombi linakula kama milisekunde 12 au 13, na diski moja inahudumia maombi kama 80 hivi kwa sekunde. Makarani sita wakichapa ankara huku mhasibu akitoa ripoti ya mwezi mzima, maombi yanakuwa maelfu, na hapo ndipo kishale cha kipanya kinapoanza kuzunguka. Diski ya SSD, isiyo na kitu chochote kinachozunguka, huhudumia makumi ya maelfu ya maombi ya namna hiyo kwa sekunde.

Kwa hiyo nina sababu nzuri ya kuhisi kwamba tatizo lenu ni aina ya diski na si mpangilio wa hifadhi, lakini nisingependa mnunue kwa kufuata hisia zangu. Mwambieni fundi wenu afungue dirisha la kufuatilia rasilimali kwenye seva siku ya mwisho wa mwezi, saa tano asubuhi, foleni ikiwa imeshika kasi, na aandike mambo matatu: muda ambao diski inachukua kujibu ombi moja, asilimia ya kebo ya mtandao inayotumika, na kumbukumbu ya RAM iliyobaki. Diski ikichukua zaidi ya milisekunde 20 kwa muda mrefu ilhali mtandao haujafika hata robo ya uwezo wake, jibu mmelipata. Kama RAM ndiyo imekwisha, kuongeza RAM kutawagharimu sehemu ndogo sana ya bei yoyote iliyoko mezani kwenu. Muuzaji anayeleta bei ya SAN bila kuuliza namba hizi hajatambua ugonjwa, na dawa yake msiinywe.

Vipimo vikithibitisha hivyo, ningeiacha kanzidata ya uhasibu humo humo ndani ya seva, juu ya diski mbili za SSD za daraja la seva zinazoandikwa sawasawa kama pacha, moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Msiihamishie kanzidata hiyo kwenye folda ya NAS, na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona wengi wakilifanya. Programu ndogo za uhasibu zinazotunza kanzidata katika faili moja hutegemea kufunga na kufungua sehemu za faili hilo kwa haraka na kwa uhakika. Kebo ikilegea au swichi ikizimika sekunde mbili katikati ya uandishi, faili linaweza kubaki nusu la zamani na nusu jipya. NAS muitumie kwa kazi inayoiweza vizuri: mikataba, hati za kupokelea mizigo zilizoskaniwa, picha za bidhaa, majedwali ya mishahara, na nakala rudufu ya kanzidata inayochukuliwa kila usiku.

Zingatieni pia kwamba kebo ya gigabiti moja hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasini, na kama 110 kwa vitendo, kasi ambayo diski moja ya kuzunguka inaweza kuifikia peke yake inaposoma faili refu. Kununua NAS yenye diski 12 ili iwe na kasi, kisha kuiunga kwa kebo moja ya namna hiyo, ni kuchimba kisima kipana na kuteka maji kwa kikombe.

SAN ina mahali pake, na pale inapohitajika hakuna cha kuiziba nafasi. Hospitali ya rufaa, benki au kampuni ya simu yenye seva nyingi zinazoendesha mashine pepe hutaka seva moja ikifa saa nane usiku, kazi zake zote ziamkie kwenye seva nyingine bila data kuhamishwa, kwa kuwa seva zote zinaiona hifadhi ile ile. Lakini faida hiyo hukamilika pale tu kila kitu kinapokuwa viwili: vidhibiti viwili ndani ya chombo, swichi mbili, na njia mbili kutoka kila seva. Ukinunua SAN yenye kidhibiti kimoja na swichi moja umeyaweka mayai yote kwenye kapu moja la bei mbaya. Nyinyi mna seva moja. Fedha mtakazookoa zipelekeni kwenye UPS yenye kebo ya kuijulisha seva kwamba umeme umekatika, ili seva ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha, maana data zilizokuwa bado njiani kuelekea kwenye diski hupotea umeme unapokatika ghafla.

SWALI: Nimenunua diski ya terabaiti 4, lakini kompyuta inaonesha 3.63. Je, nimepunjwa? (Dodoma)

JIBU: Hujapunjwa. Mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni 1, na Windows huigawa idadi hiyo kwa 1,024 mara nne mfululizo, kisha inaendelea kuandika jina lile lile la terabaiti. Baiti trilioni 4 zikigawanywa hivyo hutoa 3.63 na kitu. Unapopanga hifadhi ya ofisi, tumia namba ndogo, kisha uache tena sehemu ya tano tupu.

SWALI: Mimi ni wakili mjini Mombasa. Ofisi yetu ina NAS yenye diski nne za terabaiti 4 kila moja, iliyopangwa kwa RAID 5. Kijana wetu wa kompyuta anataka tununue NAS ya pili kwa ajili ya nakala. Mshirika mwenzangu anasema RAID tayari ni nakala, na kwamba tunatupa fedha. Nani ana haki?

JIBU: Kijana wenu ana haki, na ninaomba mshirika wako asome jibu hili hadi mwisho.

RAID ilielezwa kwa jina hilo mwaka 1988 katika andiko la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walitaka kuonesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa pamoja zinaweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa na ghali, mradi kuwe na namna ya kuvumilia kifo cha mojawapo. RAID 5 yenu huvumilia kifo cha diski moja tu, na inawapa terabaiti 12 za kutumia. Mngeipanga kwa RAID 6 mngepata 8, na diski mbili zozote zingeweza kufa bila data kupotea. RAID 10, yenye jozi za pacha, nayo hutoa 8. Huvumilia vifo viwili ikiwa tu zilizokufa si za jozi moja, lakini huandika vipande vidogo kwa kasi zaidi, kwa kuwa kila andiko dogo linahitaji hatua mbili ilhali RAID 5 inahitaji nne na RAID 6 sita. Kwa mafaili ya kesi, ambayo huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, ningechagua RAID 6.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika duka moja la vipuri ambalo NAS yake ilikuwa imekataa kuwaka. Ilikuwa imewekwa chini ya meza, nyuma ya maboksi ya fani belti, vumbi limeganda kwenye matundu ya feni kama pamba. Nilipomuuliza karani kama aliona dalili yoyote, alinionesha diski ya tatu na kusema kwamba taa yake ilikuwa nyekundu tangu mfungo wa Ramadhani. Tulikuwa tumeshapita Idi ya kuchinja. Kwa zaidi ya miezi miwili RAID 5 ilikuwa ikitembea kwa mguu mmoja bila mtu kujua maana ya taa ile, na asubuhi hiyo diski ya pili ndiyo iliyokufa. Diski zote zilinunuliwa siku moja kutoka boksi moja, zikazeeka pamoja katika joto moja. Madeni ya wateja ya mwaka mzima yaliandikwa upya kutoka vitabu vya stakabadhi.

Hata taa ingeonekana siku ile ile, hatari isingeisha papo hapo. Diski mpya inapowekwa, zilizobaki husomwa zote kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Kwa diski za terabaiti 4 kama zenu, kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, kazi hiyo inachukua zaidi ya saa 7 ofisi ikiwa imelala, na muda mrefu zaidi watu wakiwa kazini; na hizo ndizo saa ambazo diski zilizochoka huelemewa kuliko wakati wowote.

Lakini hoja kubwa ni nyingine. RAID hulinda dhidi ya kifo cha diski, na si kila hasara huletwa na kifo cha diski. Karani akifuta folda ya kesi kwa bahati mbaya, RAID itaifuta kwa uaminifu kwenye diski zote nne. Januari 2022 wahalifu waliotumia programu hasidi ya DeadBolt walifunga kwa ufunguo wao mafaili ya NAS nyingi za kampuni ya QNAP zilizokuwa zimeachwa wazi kwenye intaneti, wakadai malipo ili wayafungue. RAID haikuwa na la kufanya, kwa sababu diski zilikuwa nzima kabisa. Moto, mwizi na maji ya bomba lililopasuka havihesabu diski.

NAS ya pili basi iwepo, na iwekwe mbali na ya kwanza. Kama mna tawi, ikae huko. Iwekewe nywila tofauti kabisa, na yenyewe ndiyo iwe inavuta nakala kutoka ya kwanza, wala ile ya kwanza isipewe ruhusa yoyote ya kuandika juu yake, ili mtu akiiteka ya kwanza asipate mlango wa kuifikia ya pili. Itunze matoleo ya nyuma ya siku 30 au zaidi, kwa sababu faili lililoharibika huweza kukaa wiki nzima kabla ya mtu kulihitaji. Na hiyo NAS mliyo nayo, izuieni leo kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti.

SWALI: Kampuni yetu ya utalii iko Arusha. Tuna terabaiti 6 za picha na video, pamoja na nakala za pasipoti za wageni. Je, si rahisi zaidi kuachana na vyombo vyote hivi na kupeleka kila kitu kwenye wingu?

JIBU: Wingu, yaani hifadhi ya kukodi kwa kampuni nyingine inayofikiwa kwa intaneti, ni mpangilio wa nne, nao ni mzuri ukipewa kazi unayoiweza. Amazon ilifungua huduma yake ya S3 Machi 2006, na tangu hapo kampuni ndogo imeweza kukodi hifadhi ambayo isingeweza kuijenga. Anayekodi halipii diski, hasimami usiku kubadilisha iliyokufa, na hupanua nafasi bila kununua chombo kipya. Kwa barua pepe, mikataba na ratiba za safari, zinazofunguliwa na watu walioko porini na ofisini kwa wakati mmoja, ningewashauri wingu bila kusita.

Video ni suala la hesabu. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, nayo ni lazima igawanywe kwa 8 ili kupata megabaiti. Kama laini yenu inapandisha megabiti 20 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 2.5, na terabaiti moja itachukua siku 4 na zaidi ya nusu, usiku na mchana, bila mtu mwingine kuitumia laini hiyo. Terabaiti 6 zitachukua karibu siku 28. Mzigo huo huo, juu ya kebo ya gigabiti moja kutoka NAS hadi kompyuta ya mhariri wa video, unahitaji saa 15 hivi. Mhariri anayesubiri kila video ishuke kutoka ng'ambo hatafanya kazi, kwa hiyo video anazozihariri sasa zikae kwenye NAS ofisini.

Fikirieni pia siku ambayo laini haipo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko kwa siku kadhaa. Ofisi zilizokuwa na mafaili yao ndani ya jengo ziliendelea kuandika ankara. Na wingu lenyewe liko ardhini, ndani ya jengo lenye kuta na nyaya: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao nakala zao zilikuwa hapo hapo pamoja na data za asili walizipoteza zote mbili.

Pasipoti za wageni ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, kama ilivyo kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Kabla ya kusaini, mwulizeni mtoa huduma kwa maandishi data zitakaa nchi gani, na mwanasheria wenu aitazame hiyo barua. Nakala ambazo hamzihitaji tena baada ya mgeni kuondoka ni afadhali zifutwe kuliko kutafutiwa mahali pa kukaa.

Mpangilio ambao ningeuchagua kwenu ni huu: NAS moja ofisini kwa kazi za kila siku, diski ya nje inayochukua nakala kila wiki kisha inachomolewa na kufungiwa mahali pengine, na wingu kama nakala ya tatu, ikipanda polepole nyakati za usiku. Msiishie kuamini ujumbe wa kijani unaosema kazi imekamilika. Mwaka 2017, tarehe 31 Januari, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, alifuta folda ya kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe, takriban gigabaiti 300, na walipogeukia nakala wakakuta sehemu waliyotarajia kuzikuta ni tupu, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila siku na barua pepe za kuwaonya hazikuwa zikifika. Waliokolewa na nakala ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio.

Basi Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi mpeni mtu mmoja, asiye fundi aliyeweka mfumo, jina la folda moja ya safari ya mwaka jana. Airudishe kutoka wingu hadi kwenye kompyuta tupu, afungue picha tatu na video moja, kisha aandike kwenye daftari tarehe, jina la folda, na dakika alizotumia. Dakika hizo mkizizidisha hadi kufikia terabaiti 6, mtajua ofisi yenu itakaa siku ngapi bila kazi siku NAS itakapoibwa.